Mfarishi wa Viraka wa Wasiddi

Katika wilaya ya Uttara Kannada, jimbo la Karnataka huko Bara Hindi, wako watu waitwao Wasiddi. Asili yao ni Afrika. Wahenga wao wengi walipelekwa Goa na Wareno katika utumwa, na waliotoroka wakafanya maskani misituni. Leo wamo kati yao Waislamu, Wahindu na Wakristo, nao husema Kikonkani, Kikannada na Kiurdu, kwani lugha za mababu zimewapotea. Ila kazi moja ya mikono huwakutanisha: mfarishi wa viraka, uitwao kawandi.

Mwanamke hutandaza nguo ya chini, aghalabu sari kuukuu, akaanza pembeni kushonea viraka vya nguo chakavu, akizunguka mpaka afike katikati. Hachori kielelezo, rangi huzipanga kwa jicho lake. Bandi hupita safu kwa safu, zikishika kiraka na nguo ya chini pamoja. Pembe nne hutiwa viraka vilivyokunjwa pembetatu, viitwavyo phula, maana yake maua. Usio na phula huambiwa u uchi. Waislamu wengine hushona mwezi mwandamo, na Wakristo msalaba.

Mifarishi hiyo ilikuwa ya kulalia watoto na kujikinga baridi; mwaka 2004 wanawake wakaunda ushirika wa kuiuza.

Basi walionyang'anywa nchi na lugha waliokota vitambaa vilivyotupwa, wakavifanya sitara ya wana wao. Haba na haba hujaza kibaba.