Geoffroy alichekwa, lakini kambakoche alikuwa upande wake

Siku hizi mtu akibwagwa kwenye mjadala mmoja tu, watu wanasema hoja yake imekufa. Hebu tuongee kuhusu kambakoche kwanza.

Paris, 1822. Profesa Étienne Geoffroy Saint-Hilaire anampasua kambakoche, halafu anamlaza chali. Sasa, wadudu na jamii ya kamba wana neva kuu upande wa tumbo na moyo mgongoni. Sisi ni kinyume: neva kuu inapita mgongoni, moyo uko mbele. Lakini mgeuze huyo kambakoche na kila kitu kinaingia mahali pake! Neva juu, utumbo katikati, moyo chini. Geoffroy akasema basi, ramani ni moja, ila mmoja wetu amepinduliwa.

Wenzake wengi hawakununua hiyo. Mwaka 1830 wakamenyana na Georges Cuvier mbele ya Akademia ya Sayansi, na huyo Cuvier, manze, ni Geoffroy mwenyewe alimsaidia kufika Paris. Kisa kilianzia kwa ngisi, eti naye amejengwa kama sisi. Cuvier akaja na michoro, akamvunja pointi kwa pointi. Na kwa ngisi, tuseme ukweli, Cuvier alikuwa sahihi. Geoffroy alikufa 1844 akiwa kipofu, na wazo lake la kupinduka likabaki kichekesho cha vitabuni.

Ikapita karne na nusu. Mwaka 1994, maabara ya Edward De Robertis huko Los Angeles ikatangaza jeni ya chura iliyoitwa kordini. Kiinitete kikiwa bado kidonge tu cha seli, kordini inawashwa upande utakaokuwa mgongo. Protini yake inakamata protini nyingine, BMP, na kuizuia isifanye kazi. BMP ikizuiwa, seli zinakuwa neva. Ikiachwa huru, zinakuwa ngozi. Nzi naye ana jeni ya ukoo huohuo, inaitwa sog, kazi ileile, lakini yake inawaka upande wa tumbo, kule neva yake iliko.

1995 wakajaribu kubadilishana. Ujumbe wa sog ya nzi ukadungwa kwenye kiinitete cha chura, ukajenga mgongo. Kordini ya chura ndani ya nzi ikajenga tumbo. Viumbe walioachana zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, na bado wanaelewana!

Swali likabaki: nani alipinduka? Amfioksi, kordati mdogo wa mchangani asiye na mfupa hata mmoja, amepangwa kama sisi. Lakini kuna minyoo wa baharini, hemikordati, ndugu zetu wa karibu kuliko nzi, na 2006 ikaonekana BMP yao iko mgongoni, kordini tumboni, kama kwa nzi. Kwa hivyo inaonekana kupinduka kulitokea kwenye ukoo wetu wa kordati. Kambakoche amekuwa akitembea na mpangilio wa zamani muda huo wote.