Kisu cha kukunja cha mazoezi: uchague kipi kabla hujapanda mti



Miezi miwili iliyopita mpwa wangu kanipigia simu kutoka Sikonge. Kaamua kuingia kwenye asali, na swali lake la kwanza likawa, "Mjomba, ninunue kisu gani?" Nikamwambia anunue viwili vinavyofanana, kimoja akiue makali. Akacheka. Mimi sikucheka, maana kidole changu cha shahada cha mkono wa kulia hakikunji vizuri tangu mwaka 2009.

Kwa wale ambao hawajafika Unyamwezi: mizinga mingi ya magome iko juu ya miti, ndani ya miombo. Mrina asali anapanda, mkono mmoja umeshika tawi. Kisu kikiwa wazi kiunoni, ukiteleza kinakuingia mwenyewe, ndio maana wengine tunapenda cha kukunja. Lakini hicho nacho inabidi ukifungue, na hasa ukifunge, kwa mkono mmoja, umevaa glovu, nyuki wanakuimbia sikioni. Mimi nilijifunza hukohuko juu, kwa kisu chenye makali. Nikaachia loki kidole kikiwa kwenye njia ya bapa. Kano ikakatika, na hospitali ilikuwa mbali.

Wenzetu Marekani wameliona hilo zamani. Kampuni kama Spyderco na Benchmade zimewahi kutoa visu vya mazoezi: umbo lilelile la kisu halisi, loki ileile, ila bapa halina makali na mpini ni mwekundu ili usichanganye. Huku Tabora usitegemee kukikuta dukani. Hamna neno, kinatengenezeka.

Sharti kubwa ni kwamba cha mazoezi kiwe ndugu pacha wa kile utakachofanyia kazi. Cha plastiki cha watoto hakifai kabisa, kwa sababu mkono unakariri uzito, ugumu wa springi na mahali kidole gumba kinapokaa. Ukizoea chepesi, siku ya kazi mkono unakudanganya.

Kwa hiyo anza na loki. Visu vidogo vya Kiswisi vya mfukoni vingi havina loki, ni springi tu. Ukisukuma vibaya kinajifunga juu ya vidole. Opinel ya Ufaransa ni kisu kizuri, na tangu 1955 ina pete ya kuzungusha inayozuia bapa, lakini pete hiyo inataka mikono miwili. Okapi je? Historia yake inanifurahisha: kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya makoloni yake ya Afrika, wakati Tabora bado mzigo unakuja kwa kichwa cha mpagazi kwenye njia ya misafara, reli ikiwa haijafika mpaka 1912. Siku hizi kinatoka Afrika Kusini. Kinalia kra-kra kikifunguka, na kukifunga unavuta pete ya mgongoni. Chini ya mti sawa, juu ya mti hapana. Tafuta chenye loki unayoiachia kwa kidole gumba, na tundu au kishikio kikubwa cha kufungulia ambacho glovu haitakipoteza.

Ukishapata viwili, ondoa makali ya kimoja kwa tupa, taratibu, mpaka ukingo uwe mnene kama sarafu, kisha viringa ncha. Usimpelekee fundi wa grinda akakichoma moto, springi italegea na utakuwa na kisu kingine kabisa. Kukipima, kikokote juu ya nyanya mbivu. Ikichanika, rudi kwenye tupa. Mpini upake rangi nyekundu, hata ya kucha inatosha. (Mke wangu alinuna kidogo, yakaisha.) Kumbuka hata kikiwa butu kinaweza kutoboa jicho, watoto wasikichezee.

Mazoezi yenyewe: kwanza umekaa, halafu umesimama, halafu umefumba macho. Kisha vaa glovu za kazi, shika tawi la usawa wa kiuno kwa mkono wa pili. Mwisho kipake asali, maana asali na nta ndivyo vinavyogandisha bawaba. Baada ya hapo kioshe kwa maji ya uvuguvugu na ukikaushe. Na ukiona loki ya cha mazoezi imeanza kucheza, ujue pacha wake naye atafika hapo, mkague.

Juzi mpwa kapiga tena. Anafungua na kufunga mara hamsini bila kuangalia, ila glovu zikilowa asali bado kinamponyoka. Nimemwambia mizinga ya msimu huu apande mwenzake, yeye abaki chini na ndoo.