Kushoto na Kulia: Historia Iliyomo Ndani ya Mtihani wa Udereva

Siku moja nilikuwa mjini Mbarara pamoja na jirani yangu wa hapa Misiera, mzee aliyeendesha lori baina ya Bukavu na Uvira kwa miaka mingi kabla ya vita kumleta Nakivale. Alifika ukingoni mwa barabara, akatazama kushoto, akaona njia ni nyeupe, akaingia. Gari lilikuwa linakuja kutoka kulia. Mama mmoja muuza ndizi alimshika shati akamvuta nyuma kwa nguvu. Tulipoketi kivulini, mzee alitulia kwa muda, kisha akaniambia, “Mwalimu, miguu yangu imefika Uganda, lakini macho yangu bado yako Bukavu.”

Wakati huo mzee alikuwa miongoni mwa watu tisa waliokutana nami jioni kujiandaa kwa mtihani wa maandishi wa udereva. Walikuwa na karatasi ya maswali na majibu iliyopita mikononi mwa wengi hadi ikachakaa, nao waliikariri herufi kwa herufi: swali la kwanza B, swali la pili C. Nilipowauliza kwa nini jibu ni B wala si A, hakuna aliyejibu. Baada ya tukio la Mbarara niliiweka karatasi ile kando. Tukaanza upya, safari hii kwa kuuliza kanuni hizi zilitoka wapi. Nawasimulieni nanyi, wanafunzi wangu wa Kiswahili, yale tuliyojifunza.

Tuanze na upande wa barabara. Uganda ilikuwa chini ya himaya ya Uingereza tangu mwaka 1894 hadi uhuru wa tarehe 9 Oktoba 1962. Waingereza walikuwa wamezoea kupita kushoto tangu zama za farasi na magari ya kukokotwa, na sheria yao ya barabara kuu ya mwaka 1835 ilithibitisha desturi hiyo. Walipotawala Uganda, Kenya na Tanganyika, walikuja na desturi yao. Wabelgiji, ambao kwao hupita kulia, walifanya vivyo hivyo Kongo, Rwanda na Burundi. Kwa hiyo mpaka uliochorwa na wakoloni haukugawa ardhi na lugha pekee. Uligawa pia mazoea ya macho na mikono. Dereva anayetoka Kigali kuja Mbarara hubadili upande afikapo mpakani Katuna, na anayetoka Kivu hubadili Bunagana.

Sasa tazameni watu wa Nakivale. Makazi haya yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, Wanyarwanda walipokimbia machafuko ya kwao. Baadaye walikuja Wakongomani, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengineo. Karibu sote tumetoka katika nchi zinazopita kulia. Ethiopia yenyewe ilihamia kulia mwaka 1964. Kwa sababu hiyo, swali ambalo kijana aliyekulia Mbarara hulijibu bila kufikiri, kwetu ndilo gumu kuliko yote. Mwili umekwisha kulijibu kabla ya akili, nao umelijibu kwa kanuni ya nchi nyingine.

Hata msamiati wetu umeibeba historia hii. Katika Kiswahili, mzunguko wa barabara huitwa pia kipilefti, na wingi wake ni vipilefti. Neno hilo limetokana na maneno mawili ya Kiingereza yaliyoandikwa kwenye vibao vya mizunguko, yakimwamuru dereva ashike kushoto. Waswahili waliyasikia, wakayaunganisha, wakayatia katika ngeli ya KI-VI kana kwamba yalizaliwa pwani. Mzee wangu wa Bukavu hakulijua neno hilo, kwa kuwa kwao mzunguko hutajwa kwa Kifaransa, na magari huuzunguka kinyume na yanavyouzunguka hapa. Nilipomweleza asili ya neno kipilefti, alicheka, akasema hatalisahau tena, kwani neno lenyewe ni jibu la mtihani.

Je, mtihani wenyewe ulianza lini? Mjini Paris, polisi walianza kudai cheti cha uwezo wa kuendesha gari mwaka 1893. Uingereza ilichelewa. Sheria yake ya mwaka 1903 ilimtaka dereva awe na leseni, lakini leseni hiyo ilinunuliwa kwa shilingi tano bila mtihani wowote. Aliyeweza kulipa aliruhusiwa kuendesha. Matokeo yake yalikuwa machungu. Kufikia mwaka 1931, nchi hiyo ilikuwa na magari takriban milioni 2.3, na barabara ziliua watu zaidi ya 7,000 kila mwaka. Mwaka huohuo serikali ilichapisha kitabu kidogo cha kanuni za barabarani, kikauzwa kwa peni moja ili hata mtu maskini akimudu. Tarehe 1 Juni 1935 mtihani wa udereva ukawa wa lazima. Kwa muda mrefu mtahini aliuliza maswali ya kanuni kwa mdomo. Mtihani wa nadharia unaojitegemea ulianza huko mwaka 1996.

Naomba mzingatie mpangilio wa mambo hayo. Magari yalitangulia, vifo vikafuata, kanuni zikaja mwisho. Hata kanuni ya kumpisha aliyeko kulia unapoingia kwenye kipilefti ina asili ya namna hiyo. Uingereza iliipitisha mwaka 1966, baada ya kuona kwamba magari yanayoingia huwazuia yale yanayotaka kutoka, hadi mzunguko mzima ukakwama. Dereva anayeijua sababu hii hahitaji kukariri herufi. Anajua kwamba asipompisha aliyekwisha kuingia, hakuna atakayetoka.

Alama za barabarani nazo zina historia inayotuhusu sisi moja kwa moja. Mwaka 1909 mataifa kadhaa yalikutana Paris, yakakubaliana juu ya alama nne za hatari: tuta, kona, makutano ya barabara, na mahali ambapo barabara hukatiza reli. Mwaka 1968, mjini Vienna, mkataba mpana zaidi uliandikwa. Wazo kuu lilikuwa kwamba dereva aelewe hata kama hajui lugha ya nchi anayopita. Ndiyo maana umbo na rangi husema kabla ya maandishi. Pembetatu yenye ukingo mwekundu huonya. Duara lenye ukingo mwekundu hukataza. Duara la buluu huamuru. Alama ya kusimama ina pembe nane, na hata ikionekana kwa nyuma, au ikiwa imefunikwa na vumbi la barabara ya Isingiro, umbo lake halifanani na la alama nyingine. Katika makazi ambamo jirani mmoja huzungumza Kisomali na mwingine Kirundi, hiyo ni lugha tunayoweza kuimiliki sote.

Sheria yenyewe, hata hivyo, haiandikwi kwa picha. Sheria ya trafiki na usalama barabarani ya Uganda, iliyotungwa mwaka 1998, imeandikwa kwa Kiingereza. Wengi wetu tulisoma kwa Kifaransa, na wengine hawakupata nafasi ya kusoma. Hapo ndipo Kiswahili kinapokuwa daraja. Katika darasa letu la jioni, kila kanuni tuliisoma kwa Kiingereza, tukaieleza kwa Kiswahili, kisha tukarudi kwenye Kiingereza cha mtihani. Tulijifunza kutofautisha kupita na kupitana, kusimama na kuegesha, makutano na njia panda. Aliyeshika maana hakutishwa na maneno.

Kuna jambo moja la uraia ambalo sipendi liachwe nyuma. Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 unatambua haki nyingi za mkimbizi, lakini kifungu chake cha 2 kinasema pia kwamba mkimbizi ana wajibu wa kufuata sheria za nchi inayompokea. Kijana wa bodaboda anayebeba abiria watatu bila leseni huwa anasema kwamba anatafuta riziki. Riziki ni haki yake. Abiria naye ana haki ya kufika nyumbani. Mtihani ni njia ambayo jamii humuuliza dereva kama amewafikiria wengine kabla ya kuwasha injini.

Wahenga walisema ajali haina kinga. Nawaheshimu wahenga, lakini historia niliyoisimulia inaonyesha kwamba ajali nyingi zina kinga, nayo ilipatikana kwa gharama ya maisha ya waliotutangulia. Mzee wangu alifanya mtihani wake na kufaulu. Hadi leo, kabla ya kuvuka barabara Mbarara, husimama, hutamka kwa sauti, “Kulia, kushoto, kulia tena,” ndipo avuke. Vijana wakimcheka, naye huwacheka, kisha hufika ng'ambo salama.

Maswali ya kutafakari

1. Kwa nini mtu aliyezoea kuendesha gari Kongo anaweza kuhatarisha maisha yake hata anapotembea kwa miguu Uganda?
2. Tafuta maneno mengine mawili ya Kiswahili ya barabarani yaliyotokana na lugha za kigeni, kisha yatie katika ngeli zake.
3. Chagua kanuni moja ya barabarani, ueleze kwa aya moja ajali ambayo kanuni hiyo inakusudia kuizuia.