Likizo ya malori ya waya

Juni 2001 tulifunga shule Mbeya, tukaacha baridi ya masweta, tukashuka Ruaha Mbuyuni kwa babu: joto, mibuyu, na vitunguu vinavyonyanyuliwa hadi madirishani mwa mabasi.

Babu alitutengenezea malori ya waya, magurudumu ya ndala mbovu. Kichuguu kilikuwa Mlima Kitonga. Kupanda tulipakia vizibo vya soda, "mafuta ya Zambia". Kurudi, vipande vya waya, "shaba". Dada yangu alikuwa utingo: lori likisita, anaweka jiwe nyuma ya tairi.

Mchezo ule ulikuwa historia. Ian Smith alipojitangazia uhuru Rhodesia, 11 Novemba 1965, njia ya mafuta ya Zambia ilikatika. Malori yakayapitisha hapa, kwenye vumbi na matope, mpaka bomba la TAZAMA lilipokamilika 1968. Babu alikuwa utingo kwenye lori mojawapo.

Wiki ya pili dada akashikwa na malaria. Akameza klorokwini; mwili ukamwasha, homa ikabaki palepale. Usiku tukampakia kwenye lori la vitunguu kwenda Iringa. Kwenye kona za Kitonga akaninong'oneza, "Kaka, jiwe umeliweka?"

Kwinini ndiyo iliyomponya. Agosti hiyohiyo serikali iliacha klorokwini kama dawa ya kwanza ya malaria, maana vimelea vilikuwa vimeshaizoea.

Basi langu likianza kupanda Kitonga, bado naliwazia lile jiwe.