Mawe Yaliyosalia na Mji Uliotoweka: Kuzuru Magofu ya Kilwa Kisiwani

Mgeni anayevuka kwa mashua kutoka Kilwa Masoko hulakiwa na Gereza, ngome iliyojengwa na Wareno mwaka 1505 na baadaye kujengwa upya na Waomani. Hivyo ziara huanzia karibu na mwisho wa historia: uvamizi huonekana kabla ya ustawi. Makala haya yanadai kwamba mpangilio huo, pamoja na desturi ya kuthamini mawe pekee, hupunguza maana ya mji wenyewe.

Ushahidi wa ustawi hauna shaka. Msikiti Mkuu, ulioanzishwa karne ya 11, ulipanuliwa baadaye kwa matao na makuba ya matumbawe na chokaa. Mashariki yake, juu ya genge linalotazama bahari, yapo mabaki ya Husuni Kubwa, kasri la karne ya 14 lenye birika la pande nane, linalohusishwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Utajiri huo ulitegemea dhahabu ya bara iliyopitia Sofala. Sarafu ya shaba yenye jina la sultani huyo imepatikana Great Zimbabwe. Kwa hiyo historia ya Kilwa si ya pwani peke yake.

Hata hivyo, Ibn Battuta, aliyefika mwaka 1331, alisifu uzuri wa mji huku akieleza kuwa umejengwa kwa mbao. Kauli hiyo yatukumbusha kwamba mawe tuyaonayo ni sehemu tu ya mji. Wakazi wengi waliishi katika nyumba za miti na udongo, ambazo hazikuacha kuta. Wanakijiji wa leo, ambao baadhi yao wanaishi katika nyumba za aina hiyo kando ya magofu, si wapita njia katika urithi huu.

UNESCO iliiorodhesha Kilwa Kisiwani, pamoja na Songo Mnara, mwaka 1981. Ikaiweka katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, na kuiondoa humo mwaka 2014. Kuta zimepata nafuu, ingawa bahari haijaacha kuumega ufuo. Linalobaki ni suala la sera: njia ya ziara ianzie Msikiti Mkuu na kuishia Gerezani, na wanakijiji washirikishwe katika kuisimulia. Bila wao, tutakuwa tumehifadhi kuta na kuupoteza mji.