Dizeli Ikipanda, Hulipa Nani?

Desemba 1973, nchi za Kiarabu zikiwa zimeikatia Marekani mafuta, madereva wenye malori yao wenyewe waliyaegesha katikati ya barabara kuu za Pennsylvania na Ohio wakafunga njia. Mgomo ulirudi mwanzoni mwa 1974, mkali zaidi, hadi serikali ikaruhusu nauli iongezwe asilimia 6 kufidia mafuta. Tangu hapo desturi ya wasafirishaji wa kule imekuwa kuitenga dizeli na nauli: mwenye mzigo analipa nauli, kisha analipa tofauti ya mafuta.

Hesabu yake haina fumbo. Mkataba unataja bei ya msingi, tuseme dola 1.20 kwa galoni. Tuseme pia kwamba wiki hii bei ya wastani inayotangazwa na idara ya serikali ya takwimu za nishati ni dola 4.20. Tofauti ni dola 3. Lori linakwenda maili 6 kwa galoni, kwa hiyo kila maili inaongezwa senti 50, na safari ya maili 1,000 inaongezwa dola 500. Hakuna wa kumbembeleza mwenzake. Ila tusiwapambe mno: mwenye lori moja anayepewa mzigo na dalali hutajiwa bei ya jumla tu, achukue au aache, na Juni 2022, dizeli ilipopita dola 5.50, wa namna hiyo ndio walioumia.

Huku kwetu nauli ya Dar es Salaam hadi Lubumbashi mara nyingi hukubaliwa kwa simu, na ikishakubaliwa imekubaliwa. Lori laweza kupakia bandarini mwisho wa mwezi, likapita mizani ya Vigwaza, likafika kwenye foleni ya mpakani Tunduma bei mpya ikiwa imeshatangazwa. Mwenye mzigo haongezi kitu. Mwenye lori naye anatazama chini yake, anamwona dereva.

Ndipo dereva anapopimiwa lita. Akiwa na mzigo kamili, lori lake linakunywa kama nusu lita kwa kilomita. Hadi Tunduma, kilomita zaidi ya 900, ni lita 450 na ushei. Tajiri akimpimia 420, hizo 30 atazitoa wapi? Kupanda mlima Kitonga hakuna njia ya mkato, gia ndogo na moshi tu. Kwa hiyo anazitafuta wakati wa kurudi: ana shaba ya Kongo mgongoni, anateremka Kitonga kwa nyutro, roho mkononi, breki zikinuka. Tajiri naye, kwa kuhofia mafuta kunyonywa kwa mpira na kuuzwa kwa madumu, anafunga kifaa cha kupima mafuta kwenye tenki. Sikatai, wizi upo. Lakini kampuni inayobana dereva peke yake inaokoa lita na kuhatarisha trela zima.

Desturi hii ya kumbebesha wa chini gharama si ngeni: ilikuwapo kwenye njia ya misafara ya Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji. Mpagazi wa karne ya 19 alipewa posho ya nguo, akabadilishane chakula njiani. Msafara ukiingia Ugogo wakati wa njaa, nafaka ikiwa ghali, nguo ilikuwa ileile na tumbo lililopungukiwa lilikuwa lake. Tajiri wa Pwani alikwishafunga hesabu yake.

Kinachonishangaza ni kwamba sisi tuna kipimo tayari. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati, hutangaza bei kikomo za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Kenya, mwenzake EPRA hutangaza tarehe 14 ya kila mwezi. Ni bei za serikali, zinasomwa redioni, hakuna mfanyabiashara anayeweza kudai hakuzisikia. Mmarekani alilazimika kufunga barabara ndipo akasikilizwa. Msafirishaji wa Tanzania anahitaji sentensi mbili kwenye mkataba: bei ya msingi ni ya mwezi wa kupakia, na dizeli ikipanda au ikishuka kwa zaidi ya shilingi 100, nauli inafuata kwa lita zilizokubaliwa. Ikishuka, mwenye mzigo naye apunguziwe, la sivyo hatakubali, na atakuwa na haki. Vyama vya wasafirishaji viandae kifungu hicho kimoja kwa wanachama wote, maana mwenye malori mawili akikidai peke yake, mzigo utapewa jirani yake.