Ghala na Sanduku: Habari za Akiba Yetu ya Siku ya Dhiki



Tumezoea kuanza taarifa ya mwaka na hesabu ya sanduku la maafa. Safari hii twaomba kuanza na ghala, kwa kuwa sanduku letu ni jepesi, na ghala lina umri mkubwa kuliko sanduku.

Hapo kale, huko Bungoma, kinga ya njaa ilikuwa wimbi. Punje yake ni ndogo mno hata fukusi hapati pa kukaa. Ikikauka vema na kuwekwa katika ghala lililoinuliwa kutoka ardhini, hudumu miaka mingi. Akiba hiyo haikudai fedha. Ilidai mikono, na subira ya kutoifungua kabla ya wakati.

Reli ilipofika Kitale mwaka 1926, mahindi yalipata njia ya kwenda sokoni, na wimbi likazidi kusahauliwa. Nzige wa mwaka 1931 walituonya kwamba kilicho shambani si akiba bado. Ndipo mihogo na viazi vitamu, vilivyofichwa na udongo, vilipohimizwa. Mwaka 1942 serikali ya kikoloni ilishika biashara ya mahindi, na gunia la Mwafrika likalipiwa chini ya gunia la mlowezi. Mwaka uliofuata njaa iliikumba nchi, hata ikaundwa tume ya kuichunguza. Aliyekuwa ameuza yote alinunua tena kwa bei asiyoipanga yeye.

Kisha mwaka 1964 ikatoka Kitale mbegu chotara iitwayo 611. Twaisifu kwa haki, maana ilijaza maghala. Walakini mbegu ya namna hiyo hununuliwa upya kila mwaka, na mahindi hayavumilii kama wimbi. Naye mdudu dumuzi, mwenyeji wa Marekani ya Kati, alionekana Taveta mwaka 1983, na tangu hapo mahindi yaliyomo ghalani yana adui mkali kuliko fukusi.

Wengi wenu mwakumbuka Januari ya mwaka 2008, baada ya ule uchaguzi. Uwanja wa maonyesho ya kilimo wa Kitale ulijaa waliokimbia makwao, na barabara zilizibwa. Sanduku letu lilikuwa na fedha, lakini duka la kununua halikuwapo. Waliolishwa siku zile za kwanza walilishwa kwa madebe ya wanachama wachache ambao, tukiri wazi, tuliwacheka mwezi wa Novemba kwa kukataa kuuza.

Kwa hiyo kamati imekubali kila mwanachama atoe debe moja la mahindi makavu badala ya nusu ya mchango wake. Bungoma huvuna kuanzia Agosti. Kitale, penye baridi, hungoja Oktoba hata Desemba. Tofauti hii ni faida, maana upande mmoja waweza kuutegemeza mwingine. Mahindi yapimwe kwa njia isiyo na gharama: tia punje na chumvi kavu katika chupa kavu, uitikise, chumvi ikigandama kwenye chupa, yarudishwe juani. Jambo hili si dogo. Mwaka 2004, huko Ukambani, mahindi yaliyoota ukungu yaliua watu 125. Yakishakauka yafungwe katika mifuko isiyopitisha hewa, ambayo humnyima dumuzi pumzi bila dawa.

Vijana wetu wamepinga, nao wana hoja: debe halilipi hospitali, wala halinunui jeneza. Ndiyo sababu sanduku halifungwi. Wazee nao wameomba sehemu ya akiba iwe wimbi, na twaona ombi hilo lina busara, ingawa wanaolilima sasa ni wachache na bei yake i juu.

Ghala la Bungoma li tayari na lina mlinzi. La Kitale lina kuta tu. Yamebaki mabati sita, nayo yahitajiwa kabla ya Oktoba.